Mche wa Tatu

Huu ndio mwaka tuliokula ugali wa muhogo na likolo la majani ya maboga mpaka Noeli, mahindi ya mavuno yaliyopita tumeyauza yote kwa tamaa. Mjukuu wangu akarudi kutoka Dar na begi moja. Nimezoea kumtania, basi nikamwambia, mume wangu, mbona umekonda hivyo.

"Nimepunguzwa, bibi."

Nikasema naona, kaa ule. Ndipo akanieleza, bila kuniangalia, kwamba ni kazini. Kampuni yao ya kompyuta imepunguza watu wengi kwa mpigo. Hakuna aliyemwita akamfukuza. Aliamka, akafungua kompyuta, ikakataa kumjua.

Mimi nilikuwa nimetamba naye jumuiya nzima, kwamba mume wangu ndiye anayeendesha simu za watu. Sasa Jumapili hakwenda misa, maana wangemuuliza anarudi lini. Wenzake waliobaki kazini hawakumpigia. Nadhani waliogopa kuambukizwa. Akawa analala tu, uso ukutani, mwanaume mwenye ndevu. Uji naupeleka wa moto, nautoa wa baridi. Nimezika mume na watoto wawili, lakini hao walikuwa wamekufa. Huyu anapumua.

Mahindi yalipopita kifundo cha mguu nikamtoa kitandani kwa ukali. Nikamwambia twende shambani Matogoro tukapunguze mahindi. Neno lilinitoka hivyo hivyo, sisi hatuna lingine. Kila shimo tunatia punje tatu, zikiota tunabakiza miche miwili. Nikang'oa wa kwanza, nikautupa. Akauokota, mizizi bado ina udongo.

"Huu ulikosa nini, bibi?"

"Haukukosa kitu. Umezidi tu."

Akachuchumaa kati ya matuta, akalia kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Halafu akaurudisha shimoni, akaushindilia udongo kwa vidole. Jirani yangu akapaza sauti kutoka mpakani kwake, kwamba tukiacha hivyo mwaka huu tutavuna magunzi.

"Sing'oi hata mmoja," nikamjibu.

Mche ule ulikufa hata hivyo. Iliyobaki imebanana, myembamba, ya njano, aibu kuitazama. Misa bado haendi, kuongea bado haongei, lakini asubuhi anaamka, anashika jembe, anakwenda kuipalilia.

Juzi jirani kaja tena, safari hii kwa huruma. Dada, akasema, bado hujachelewa, punguza upate angalau cha kula. Mjukuu wangu alikuwa nyuma yangu. Nikasikia jembe limenyamaza.

"Sing'oi hata mmoja."