Kadi ya Pembea

Mwanangu alikuja wiki iliyopita kunisalimu, akaketi barazani, akatoa mfukoni kadi ya plastiki yenye picha ya mjukuu wangu akicheka kwa kulazimishwa. Ni kadi ya mwaka mzima, akaniambia, ya ile bustani ya michezo iliyojengwa huku pwani, njia ya kwenda Dar, ambako watoto huteleza kwenye mabomba ya plastiki na kuangukia maji ya dawa. Unalipa mara moja, unaingia mpaka uchoke. Alikwishapiga hesabu: wakienda Jumamosi kumi na mbili tu, kadi imejilipa, zinazobaki ni faida. Akataka kujua mimi naonaje. Nilimtazama vile nimtazamavyo muuza samaki anayeapa kuwa changu wa jana kavuliwa asubuhi. Bahari iko hatua chache kutoka lango lao, na hajatokea mtu wa kutuuzia kadi ya kuiingia. Bado, labda.

Hakujua kuwa kwa jambo hilo anamuuliza bingwa. Mimi, mwenzangu, nilinunua kadi yangu nikiwa na miaka tisa, hapa hapa Bagamoyo, miaka ya sitini ikielekea ukingoni.

Kama ulikulia pwani unaikumbuka pembea ya Idi. Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani, seremala wa mtaani kwetu aliisimamisha uwanjani: nguzo mbili nene, gurudumu la mbao na masanduku manne ya kukalia, vijana wawili wakiizungusha kwa mikono. Ilipakwa mafuta ya nazi na bado ililia, na ukikisikia kilio chake ukiwa nyumbani unafagia uwanja, miguu ilianza kukuwasha. Ulilipa peni, senti kumi, ukazunguka, ukashuka, ukaenda zako kula achari ya embe na bajia za moto. Peni zikiisha ulirudi mitaani kutafuta nyingine, nazo zilipatikana mahali pamoja tu, milangoni mwa watu. Ulibisha hodi, ukaamkia, ukatoa mkono wa Idi, ukalishwa vileja, ukapewa sarafu. Mtoto wa Kaole aliyekuja sikukuu kwa miguu alikuwa ameshajulikana na nyumba kumi kabla hajaifikia pembea.

Mwaka ule akaja bwana mmoja kutoka Dar na pembea ya chuma yenye injini. Alivaa miwani myeusi hata kivulini. Siku tatu kabla ya Idi alikuwa akiuza kadi, kipande cha boksi kilichogongwa muhuri na kuandikwa Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Shilingi mbili, upande siku zote za Idi mpaka roho ikinai. Wenye akili walicheka wakapita. Mimi nilisimama nikapiga hesabu kama mwanangu: shilingi mbili ni peni ishirini, nikipanda mara thelathini nimempunja huyu bwana. Pesa nilikuwa nazo. Nilizipata kwa kusuka ukili wa mikeka Ramadhani nzima, vidole vikichubuka, na zilikuwa za kununulia bangili za kioo. Bibi aliyenilea alipoiona kadi alisema neno lake la siku zote, rahisi huvunja upishi, akaendelea kuchekecha unga.

Jumapili jioni mji mzima ulisimama ufukweni kuutafuta mwezi. Haukuandama. Jumatatu tukafunga, wakubwa kwa wadogo, na pembea ya chuma ikashinda imefunikwa turubai. Nakuuliza, ni nani anayeandika siku za Idi kwenye boksi mwezi haujaonekana? Na ni mtoto gani wa pwani, aliyefundishwa chuo cha Kurani tangu hajaota meno ya pili kwamba Idi huletwa na mwezi, anayelinunua boksi hilo? Yule bwana namdharau mpaka leo, lakini mjinga wa pili nilikuwa mimi.

Jumanne, Idi yenyewe, nilimwendea asubuhi nikamwomba Jumatatu yangu anihamishie Alhamisi. Hakuvua hata miwani.

"Mwezi si wangu, binti," akasema. "Jumatatu yako imekwenda. Kama unapanda, panda."

Asubuhi ile ile bibi alikuwa ameniagiza nianzie kwa mama jirani. Huyu alikuwa mjane ambaye Mungu hakumjalia mtoto. Ndiye aliyenisuka nywele kila Alhamisi, ndiye aliyenifundisha huo ukili. Kila Idi nilikuwa wa kwanza kubisha hodi kwake, naye hufunga sumni, senti hamsini, kwenye pindo la kanga na haifungui mpaka nifike. Nilimwambia bibi nitapita jioni. Siku tatu nilizolipia zilikuwa zimebaki mbili, nami nilitaka haki yangu.

Nikapanda. Mara ya tano ilikuwa bado tamu. Mara ya kumi na mbili nilifumba macho. Wenzangu walikuja na kuondoka, midomo myekundu kwa ubuyu, wakinihadithia nyumba walizopita na walichopewa, na mimi nimeketi kwenye sanduku la chuma linalonuka dizeli, nahesabu. Kila nilipotaka kushuka nilikumbuka kuwa nimeshalipa. Jioni ile nilirudi nyumbani ardhi inazunguka, nikasema nitakwenda kwa mama jirani kesho. Kesho yake nikapanda tena tangu asubuhi, na alasiri nikalitapikia gauni jipya mbele ya watu. Bibi alinichemshia tangawizi, akanilaza. Nilikuwa nimepanda mara thelathini na moja, na nililala najiona nimemshinda mtu.

Alhamisi niliamka, nikaoga, nikaenda kwa mama jirani. Mlango ulikuwa na kufuli. Kaka yake alikuwa amekuja alfajiri kumchukua, akakae kwake Saadani moja kwa moja, maana macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu na hakuwa na wa kumsaidia. Bibi alijua tangu mwanzo, lakini mama jirani alimwomba asiseme, alitaka kuniaga kwa mdomo wake. Bibi alinikabidhi kifundo cha kitambaa. Ndani mlikuwa na sumni na vileja viwili vilivyovunjika.

"Kakaa mlangoni siku mbili," bibi akasema. "Kila mtoto aliyebisha hodi alimuuliza kama ni wewe."

Sikumwona tena. Sumni ile niliapa sitaitumia, na sikuitumia, lakini wala sijui ilipotelea wapi, na hilo linaniuma zaidi kuliko kama ningeinunulia bajia.

Bwana wa miwani alirudi mwaka uliofuata na kadi zake, na mwingine, mpaka seremala wetu akaziuza nguzo zake kwa mtu aliyekuwa akiezeka nyumba. Kisha yule bwana naye hakuonekana tena, nasi tukabaki bila hii wala ile. Uwanja wenyewe siku hizi umezungushwa ukuta na maduka ya vocha. Idi iliyopita nilipika vileja vya kilo mbili za unga, kwa mazoea tu, nikaacha mlango wazi tangu asubuhi. Walibisha hodi wawili, na mmoja alikuwa ananiuzia mkaa. Watoto wa mtaa walikuwa wamepakiwa kwenye magari kupelekwa kwenye mabomba ya plastiki, na wazazi wao wanaona wamewafanyia wema.

Nilichomuuliza mwanangu siku ile barazani ni kimoja tu: hizo Jumamosi kumi na mbili atazitoa wapi? Maana Jumamosi ndiyo siku anayoniletea mjukuu wangu. Alicheka, akasema mama, ni mpaka kadi ijilipe tu.

Jana, Ijumaa, niliroweka mchele wa vitumbua bila kufikiri, mikono imeshazoea. Jioni simu ikalia, kumbe mjukuu wangu.

"Shikamoo, bibi. Mimi kesho nataka kuja kwako, lakini baba anasema haiwezekani, tumeshalipa."

Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwambia ampe baba yake simu.