Mgunga Ulionivunja Mkono

Mgunga ulionivunja mkono bado umesimama mbele ya maduka yetu hapa Garissa, na aliyezuia usikatwe ni mimi. Nalisema hili wazi kwa sababu mjini kisa chenyewe kinasimuliwa kwa namna nyingi, na katika baadhi yake mimi ni marehemu.

Kazi yangu ni ushonaji. Nashona sare za shule, na zaidi ya miaka kumi cherehani yangu ilikaa chini ya mgunga huo. Anayelijua jua la Garissa hatauliza kwa nini. Ndani ya duka la bati, kufika saa tano kitambaa kinakushika mikononi kwa jasho. Nje, chini ya mti, unaweza kushona hadi adhuhuri bila kusimama. Tulikuwa wengi pale: mimi, mwanamke muuza chai na maziwa ya ngamia, madereva wa tukutuku waliosubiri abiria, na juu yetu kongoti, ndege wasio na adabu hata kidogo, ambao kila asubuhi walinilazimu kupangusa meza kabla sijafungua kazi. Shina la mti lilikuwa na pango upande wa barabara, kubwa kiasi cha kuingiza mkono hadi begani. Hondohondo alitagia humo. Hakuna mtu aliyelijali lile pango.

Siku ile ilikuwa katika hagaa, ile miezi ya ukavu ambayo upepo huvuma mchana kutwa na vumbi haliachi jicho la mtu. Nilikuwa natia zipu kwenye sketi. Nikasikia mlio mmoja mfupi, kama ubao unaopasuliwa. Muuza chai akapiga kelele. Niliinua mkono wa kushoto kujikinga, na sikumbuki kuamua kuuinua. Tawi lililoanguka lilikuwa nene kama paja la mtu. Liliuvunja mkono mahali pawili na kupasua meza ya cherehani. Kichwa kilisalimika, alhamdulillahi.

Hospitalini nilifungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Mama yangu alikuja kutoka Eldas kunitunza, na kabla hajafika kwangu alipitia kwanza dukani kuutazama mti. Aliingia nyumbani akiwa na hasira.

"Mti uliokuvunja bado unafanya nini pale?" akaniuliza.

"Hooyo, nisalimie kwanza."

"Nitakusalimia. Lakini kwetu mnyama anayeua watu hatumwachi karibu na boma."

Kila aliyekuja kunijulia hali alisema maneno ya namna hiyo, na kwa siku mbili au tatu mimi mwenyewe niliyakubali. Mkono ulikuwa unawaka. Ningepewa shoka na mkono wa pili, ningeukata.

Kilichonigeuza hakikuwa huruma. Ilikuwa barua. Muuza chai alikuja kunitembelea, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaniuliza kama niliweka sahihi.

"Sahihi gani?"

"Ya barua ya mti. Mwenye jengo ameipeleka kaunti. Inasema wewe ndiye unayeomba ukatwe, kwa sababu ya mkono wako."

Mwenye jengo ni mzee mwenye maduka yote saba ya safu yetu, mimi nikiwa mpangaji wake. Mwaka uliotangulia nilimwona akipima pale mbele kwa futi, kutoka ukutani hadi kwenye shina, kutoka kwenye shina hadi barabarani, akiwaambia mafundi kwamba mti usingekuwepo pangetosha pikapu nne. Hakuificha nia yake. Alichokosa ni sababu tu, na sasa sababu ilikuwa imefungwa plasta.

Nilitoka kitandani siku hiyohiyo. Nilimkuta dukani kwake, nyuma ya magunia ya mchele. Nilimwita adeer, yaani baba mdogo, naye akaniita adeer vilevile, kama wazee wetu wanavyomrudishia mdogo jina la heshima alilowaita.

"Adeer," nikasema, "nimesikia kwamba nimeandika barua."

Hakutahayari. "Nimekusaidia, adeer. Wewe uko kitandani. Mti umeoza. Leo ni mkono, kesho ni kichwa cha mtoto wa mtu."

"Tawi lilikuwa limeoza. Mti sijui. Wewe umejuaje?"

"Kila mtu analiona lile shimo."

"Shimo ulilikuta ulipokuja kujenga. Na ulipopima hapa mwaka jana, mkono wangu ulikuwa mzima."

Akaniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nikamwambia nitapumzika, lakini jina langu silipumzishi katika karatasi yake. Niliondoka nikijua kwamba kodi yangu hupokelewa na mkono uleule ulioandika barua ile.

Hata hivyo maneno yake kuhusu mtoto wa mtu yalinifuata njia nzima. Muuza chai naye aliniuliza swali hilohilo, yeye bila nia ya pikapu: "Na tawi lingine likimwangukia mtoto, abaayo, dada yangu, utasema nini?" Ukaidi pekee si jibu, nilijua hivyo hata siku ile. Kwa hiyo nilikwenda ofisi ya misitu ya kaunti kutafuta mtu anayeweza kunipa jibu.

Nilimkuta ofisa msichana, umri wa binti yangu wa kwanza. Nilimwambia mimi ndiye mama aliyevunjika, barua waliyoipata si yangu, na ninataka mtu auangalie mti kabla haujahukumiwa. Alicheka kidogo kwa neno kuhukumiwa, lakini kesho yake alikuja, na nyundo ya mbao mkononi.

Alizunguka shina akiligonga kila hatua moja, sikio karibu na gome. Mahali pengine lilitoa sauti nzito, mahali pengine sauti ya debe. Aliingiza fimbo ndani ya pango akapima. Alipanda ngazi akatazama juu. Kazi ile ilichukua asubuhi nzima, na watu wakajaa kumtazama, akiwemo mama yangu, mikono kiunoni.

Mwisho akasema, "Pango si tatizo kubwa. Mti wa umri huu huoza kati, lakini ukuta wa nje bado ni mnene. Bomba la chuma nalo ni tupu ndani, na linabeba tangi la maji. Tatizo ni lile tawi refu la upande wa barabara, limepasuka kwenye kiungo. Na matawi makavu kule juu. Na nyinyi."

"Sisi tumefanya nini?" muuza chai akauliza.

Ofisa akamwonyesha mahali alipokuwa akimwaga maji ya moto na jivu, kila siku, juu ya mizizi. Akawaonyesha madereva jinsi tukutuku zao zilivyoigandamiza ardhi hadi maji ya mvua hayaingii. Akaonyesha mzizi mnene uliokatwa siku mtaro wa jengo ulipochimbwa. Kisha akaenda kwenye lile tawi lililonivunja, ambalo lilikuwa bado limelazwa kando ya ukuta, akaligeuza kwa mguu.

"Waya huu ni wa nani?"

Karibu na mahali lilipokatika palikuwa na waya wa chuma uliozama ndani ya mti, gome limeumeza, umeacha mfereji mzunguko mzima. Niliutambua. Niliufunga mimi, miaka ile ya kwanza, ili nitundike sare zilizokwisha kushonwa wateja wazione. Tawi lilinenepa, waya haukunenepa.

"Ni wangu," nikasema.

Mama alinitazama, kisha akatazama upande mwingine. Sijawahi kuona haya mbele ya watu kama siku ile, lakini haya ile ndiyo iliyonifanya nikate shauri. Ilikuwa imethibitika kwamba mti haukunishambulia. Tuliunyonga tawi moja baada ya lingine, kisha tukashangaa unaangusha vitu.

Ofisa alisema ataandika ripoti: matawi makavu yaondolewe, tawi refu lipunguzwe na kuwekewa nguzo, shina lizungushiwe uzio, pasikae mtu upande wa barabara, na mti ukaguliwe kila mwaka kabla ya pepo za hagaa. Alisema ripoti itachukua siku kadhaa.

Mwenye jengo hakusubiri siku kadhaa. Asubuhi ya siku ya tatu nilisikia mlio wa msumeno wa mashine, nikakimbia na plasta yangu. Wanaume wawili wageni walikuwa wameegemeza ngazi kwenye shina, mmoja akijaribu mashine. Nilisimama kati yake na mti. Sikuukumbatia, wala sikulala chini. Nilisimama tu mahali ambapo asingeweza kuanza kazi bila kuniomba nipishe.

"Mama, toka, ni hatari," akasema. "Mti huu umeua mtu. Umeua mama mmoja wa cherehani."

"Mama wa cherehani ni mimi."

Alizima mashine. Aliitazama plasta, akanitazama usoni, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Sisi tumeambiwa umekufa."

"Waliowaambia wana haraka."

Mwenzake alimnong'oneza kitu. Akakuna kichwa. "Sasa tukate au tusikate?"

Hapo ndipo wazo lilipokuja, na nalipenda hadi leo. "Mtakata," nikamwambia. "Lakini mtakata nitakachowaonyesha."

Nilimpigia ofisa simu, akaja kwa bodaboda na ripoti ambayo bado ilikuwa kwa mwandiko wa kalamu. Mwenye jengo naye alifika, koti halijafungwa vizuri.

"Hawa ni watu wangu," akasema. "Nimewaleta mimi."

"Na mti ni wa nani?" nikamuuliza.

Alimtazama ofisa. Yule msichana, kwa heshima zote, akamwambia mti umesimama kwenye ardhi ya barabara, si kwenye kiwanja chake, na atakayeukata bila kibali atashtakiwa yeye. Mzee alifunga vizuri koti lake. Kisha akaingia dukani kwake. Wale wanaume walipanda juu, wakakata matawi makavu na kupunguza lile tawi refu mchana kutwa, kipande baada ya kipande, wakiyateremsha kwa kamba. Mbuzi wa majirani walimaliza maganda na majani kabla ya alasiri. Mama yangu ndiye aliyewagawia, akiwafukuza wakubwa ili wadogo wale.

Hakuwahi kukubaliana nami. Siku ya kurudi Eldas aliniambia, "Umeshinda, lakini una kichwa kigumu kama baba yako," na sikuona kama alinisifu.

Fundi wa kuchomelea alitengeneza nguzo kwa bomba kuukuu la kisima, akaiwekea juu kitanda cha mpira wa tairi ili chuma kisilitafune tawi. Tulijenga uzio. Madereva walihamia upande wa pili wa barabara huku wakinilaani kwa utani, na muuza chai akasogea kwenye kona. Mimi nilihama pia. Sasa nashonea chini ya turubai kando ya ukuta, na kivuli cha mti hunifikia baada ya alasiri tu. Asubuhi naungua. Wateja huniuliza faida ya mti nisioruhusiwa kukaa chini yake, na huwaambia wasimame pale palipo na kivuli, mita chache tu, halafu waniulize tena.

Mwenye jengo hanisalimii. Alipandisha kodi ya duka langu peke yake; nilikwenda kwa wazee, nikakaa nao kikao kirefu, na ikateremshwa. Mkono wangu hauinuki sawasawa wakati wa baridi ya alfajiri. Haya yote nayajua.

Hagaa iliyopita tawi lingine lilianguka, mchana, watu wamejaa. Lilianguka ndani ya uzio, likavunja nondo mbili. Mwenye jengo alitoka mbio, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akanisemesha.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, adeer. Limeanguka mahali tulipolitengea."

Wiki chache zilizopita nilipigiwa simu na mwanamke nisiyemjua, kutoka Rhamu. Ana kibanda cha mboga karibu na mto, chini ya mkuyu wenye pango, na watu wa kwao wameanza kusema ukatwe. Alipewa namba yangu na yule ofisa, ambaye sasa amehamishiwa huko. Alitaka nimwambie aanzie wapi. Nilimwambia aangalie kwanza amefunga nini kwenye matawi, akifungue, kisha ahamishe kibanda chake yeye kabla ya kumwambia mtu mwingine ahame. Akauliza kama kuna njia nyingine. Nikamwambia hakuna.