Firigisi za Kuku wa Thakane

Kila alipochinja kuku, shangazi yangu 'Malineo alipasua firigisi kwanza, aone kama kuku alimeza almasi. Huku milimani Lesotho alichimba shimo moja maisha yake yote. Niliporudi kutoka chuoni nilimwambia, "Shangazi, zamani za kale volkano ililipuka hapa ikatupa almasi nje, mvua ikazisomba hadi bondeni. Shimoni kwako kilibaki kifusi tu cha kuta za volkano zilizoporomoka. Acha, vumbi litakumaliza kifua."

"Bondeni kuna nini?"

"Kuku wa jirani yetu Thakane."

Alicheka hadi akakohoa. Kesho yake aliuza sururu, akaanza kununua kuku wa Thakane, mmoja mmoja. Kifua kilimwangusha kabla hajawamaliza. Nikampelekea supu ya kuku kitandani, akaisukuma pembeni.

"Firigisi umeitazama?"