Ndugu Watoke Nje

Kwenye kampuni ya dawa walimwita Mama Mizani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kupima kama dawa mpya inastahili bei yake. Si maabara, huko hakuwa na shughuli. Yeye aliwauliza wagonjwa: unatembea? Unaoga mwenyewe? Ungechagua maisha mafupi yenye nafuu, au marefu ukiwa hivi ulivyo? Majibu yao aliyageuza hesabu, na kwa hesabu hizo wakubwa wa bima waliamua dawa ipi wailipie. Shangazi zake hawajaielewa kazi hiyo mpaka leo, na mimi siwalaumu.

Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza hata mbele ya mkurugenzi: kabla ya swali la kwanza, ndugu watoke nje. "Mgonjwa akimwona mwanawe," aliwaambia vijana aliowafundisha kazi, "hajibu swali. Anamjibu mwanawe." Wake za watu walimnunia, kaka mmoja akamtukana waziwazi. Walitoka wote.

Kisha mama yake akapatwa na saratani. Dawa iliyobaki ilikuwa ileile ya kampuni yao, aliyoipigia debe kwa miaka: inaongeza miezi michache, na miezi yenyewe ni ya kutapika. Daktari hakuficha kitu. Mgonjwa aitumie, au arudi nyumbani na dawa za maumivu tu. Uamuzi ni wake.

Bingwa wetu akaketi ukingoni mwa kitanda, akamshika mama mkono, na yeye mwanawe ndiye akamuuliza. Ama kweli, mganga hajigangi.

"Mama, unaitaka hii dawa?"

"Ndiyo ile ya kwenu?"

"Ndiyo, mama."

"Basi naitaka, mwanangu. Waambie walete."

Binti alifurahi mno, akampigia simu kila mtu. Na kweli, mama aliipata ile miezi, yote, akiwa ameelekea ukutani na beseni kando yake. Kiti chake cha barazani, alikozoea kukaa akiwatania wapita njia, hakukikalia tena.

Baada ya mazishi, walipokuwa wakikunja nguo za marehemu, mama mdogo alisema taratibu, bila ubaya wowote:

"Dada hakuitaka ile dawa. Alitaka akakae barazani kwake. Nikamwambia, si umwambie mwanao? Akasema, 'Nikiikataa dawa ya mtoto, huko kazini watamwonaje?'"

Kanga ilimponyoka Mama Mizani mkononi. Alilia kwa uchungu ambao hakuusikia hata makaburini, mama mdogo akimpigapiga mgongoni na kujuta kwamba amesema.

"Alikwambia lini?" aliuliza hatimaye. "Mbona siku ile nilikuwa naye muda wote?"

"Siku ileile, mwanangu," mama mdogo akajibu. "Ulikuwa umetoka nje kupiga simu."