Mbwa Wangu Kiziwi Alivyoitika Mnadani

Siku mbwa wangu kiziwi alipoitika, niliangusha upawa kwenye sufuria ya supu ya moto. Mpaka leo nina alama mkononi.

Ngoja nianze mwanzo.

Naitwa Blandina, mama ntilie hapa Karatu, jirani na uwanja wa mnada. Nina ugonjwa mmoja: nikiona mbwa aliyetupwa, siwezi kumpita. Mume wangu Clemensi anasema siku moja atarudi akute mbwa amekalia kiti chake.

Huyu nilimwokota jioni, mnada umeshatawanyika. Mguu umevunjika, kajikunja pembeni ya zizi la mbuzi. Bwana mifugo akamfunga, akapona.

Shida ikabaki moja. Ukimwita, kimya. Njoo, toka, kaa, anakuangalia tu.

Clemensi akasema, "Mke wangu, huyu ni kiziwi."

Nikakubali. Nikampa jina hilohilo, Kiziwi, nikaanza kumfundisha kwa mikono. Kiganja juu, kaa. Kidole kikizunguka, njoo. Akashika haraka kuliko wanangu.

Kitu kimoja tu kilinitatiza. Ukifunua sufuria ya mifupa kule jikoni, kiziwi ndiye wa kwanza kufika.

"Harufu hiyo," Clemensi akasema. Basi, maisha yakaendelea.

Aisee, nilimpenda yule mbwa. Na kwa kuwa hasikii, nikawa nammwagia yote ya moyoni. Ya jirani Martha, ya kikoba, ya mama mkwe ndiyo usiseme. Ananilalia miguuni, mimi naongea weee.

Sasa siku moja ya mnada akaingia kijana wa Kimaasai na fimbo yake. Anaitwa Lekoko, mchungaji wa kule Piyaya. Akaagiza supu. Kabla hajakaa, akamwona Kiziwi.

Akasema neno moja la kwao, taratibu tu. "Wou."

Kiziwi akaruka. Akamwendea mbio, mkia unapiga meza zote.

Mimi upawa, chubwi.

"Yeyo," Lekoko akaniita, yaani mama kwa kwao, "huyu ni mbwa wangu. Alinipotea hapahapa mnadani. Nikajua amekufa."

"Mwanangu, huyo hasikii," nikamwambia.

Akacheka mpaka akashika meza. "Anasikia sana. Nimemwambia njoo. Wewe unamwita kwa Kiswahili, kule bomani nani alimfundisha Kiswahili?"

Nikachoka. Miezi yote hiyo tunaishi na Mmaasai ndani, tunamwita kiziwi.

Lekoko akamaliza supu, akashukuru, akaondoka naye. Mbwa ni wake, ningesema nini? Nililia nikikata vitunguu, nikavisingizia vitunguu. Clemensi naye, mlalamikaji mkuu, akauficha mfupa wa Kiziwi juu ya kabati ili wale mbwa wengine wasiuguse.

Mnada uliofuata nilipika bila hamu. Mara nikasikia kitu kizito miguuni.

Kiziwi, amelala palepale pake.

Lekoko alikuwa amesimama mlangoni, kanuna kweli.

"Yeyo, umeniharibia mbwa. Nikimwita anakuja, halafu anakaa, ananiangalia vidole. Mbuzi wanaondoka, yeye anangoja mkono. Asubuhi anageukia njia ya Karatu, anangoja supu. Mbwa wa supu mimi nitachungia nini?"

Nilitaka kuomba msamaha, nikashindwa kwa kucheka. Machozi yananitoka, na safari hii hakuna kitunguu.

"Kaa naye," akasema, sauti imeshuka. "Ila nikija mnadani, lazima nimsalimie."

Nikamjazia bakuli mpaka ukingoni.

Siku hizi najifunza Kimaasai, Lekoko ananicheka matamshi. Kiziwi naye ameshaelewa Kiswahili, na hapo ndipo penye kazi. Juzi Clemensi kasema tu kwamba mama yake anakuja kututembelea. Kiziwi akainua kichwa, akanitazama usoni, akaguna.

Ndugu zangu, asiyekuitika usikimbilie kumwita kiziwi, huenda hujamwita kwa lugha ya kwao.

Na siri zako, hata kwa mbwa, pima kwanza.