Gavana wa Peru Ashuka Ruiru

Nilikwenda Ruiru kutawala. Nasema mapema ili ninyi mlioko nyumbani Maragoli msidhani nilifuata pombe. Rafiki yangu Mwalimu Njoroge alikuwa akiwafundisha watu wazima kusoma katika kijiji kipya ng'ambo ya Gitothua, na alikuwa ametunga mchezo juu ya gavana wa Kihispania aliyewatawala watu wa milima ya Peru zamani. Bwana Shauri, yule ofisa Mzungu wa wilaya, angekuja kuutazama, kisha aamue kama darasa liendelee au lifungwe. Wachezaji wote walipatikana isipokuwa gavana. Nani angekubali kuwa mtawala mbele ya majirani zake, miaka ile ya Hali ya Hatari? Akatafutwa mgeni mwenye tumbo na sauti kubwa, nikapatikana mimi.

Jumamosi asubuhi, stesheni ya Thika. Kalasinga, seremala wa kiwandani kwetu, alikuwa amenichongea upanga wa mbao na kuupaka rangi ya fedha. Askari akaushika.

"Hii panga ni ya nini?"

"Ya kutawala Peru, afande."

"Peru iko lokesheni gani?"

"Mbali. Unapita Kisumu, unaendelea tu."

Aliugonga gotini, akasikia ni kuni, akanirudishia.

Ruiru, jua likiwa kali. Mwalimu alinipeleka kijijini. Nyumba zilikuwa zimepangwa mistari, handaki limezizunguka, geti ni moja. Karibu na geti kilining'inia kipande cha reli. Kikigongwa, kila mtu huacha alichoshika akapange laini kwa kazi ya lazima. Watu hawa walikuwa wametolewa kwenye mashamba yao na kusukumwa hapo pamoja, na Mwalimu aliniambia kwamba Wahispania nao waliwateremsha watu wa Peru kutoka milimani, wakawaweka katika miji yenye kengele.

"Na Bwana Shauri hataona?" nikauliza.

"Wacha wasiwasi, Andaye. Yeye ataona Mhispania tu." Lakini alikuwa akijifuta jasho.

Cucu Wambui, bibi mzee kuliko wanafunzi wote, alinishika mkono. "Tawala vizuri, kijana yangu. Mimi nimefika katikati ya kitabu. Wakifunga darasa nitakufa bila kujua huyo msichana aliolewa na nani." Hapo nami nikaanza kuogopa.

Mchana, uwanjani. Niliingia na upanga wangu, nikawalazimisha watu wa Peru kununua nyembe, ingawa wanaume wa kule hawaoti ndevu. Gavana wa kweli alifanya hivyo, Mwalimu alisoma. Watu walicheka, na Bwana Shauri akawapita wote, akijipiga mapaja. "Wahispania watu baya sana!"

Kisha nikaamuru kengele ipigwe. Ilikuwa igongwe sufuria, lakini aliyetumwa hakuiona, akakimbilia ile reli. Ngo! Ngo! Ngo!

Uwanja mzima ukasimama. Akina mama wakafunga watoto mgongoni, wanaume wakashika majembe. Walinzi walikimbilia geti, na mkuu wa kijiji akaanza kufoka, "Laini! Laini!" Hata Bwana Shauri aliinuka, akavaa kofia. Nikabaki peke yangu na upanga, sina wa kumtawala.

Ni Cucu Wambui tu ambaye hakutikisika kwenye kigoda chake. "Kaeni chini!" akapaza sauti. "Hiyo ni ya Peru!"

Kikazuka kicheko, cha namna ambayo mtu hukicheka akiangalia pembeni. Bwana Shauri alikuwa mwekundu. Alimtazama Mwalimu, akaitazama reli, kisha akaivua kofia aliyoivaa mwenyewe, akaitazama. Tumbo langu lote la kigavana likanywea.

"Darasa endelea," akasema mwishowe. "Lakini ile kengele, tena hapana."

Jioni, ndani ya treni. Nilirudi na viazi vitamu vya Cucu, nikiwacheka watu wale njia nzima. Jamani, kuruka namna ile kwa sababu ya kipande cha chuma!

Jumatatu, Thika. Wakati wa chai nilimsimulia Kalasinga, naye akacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimefika pale Cucu anapofungua kinywa, king'ora cha kiwanda kikalia. Kikombe changu kilikuwa bado nusu. Nilijikuta nimesimama, na Kalasinga yuko tayari mlangoni.

Maneno ya Cucu nilimmalizia tukiwa mbioni.