Kabari Iliyopita Gurudumu

Madereva wote wanaoshusha viazi Gisenyi wanamjua Sebahire kwa kabari yake. Ni kipande cha mkaratusi kilichochongwa pembe tatu, kizito kuliko kinavyoonekana, upande mmoja umelainika kwa kushikwa. Kamyo yake ikisimama mlimani, hata kama ni kusimama kununua mahindi ya kuchoma tu, Sebahire hushuka nayo mkononi, huisukuma chini ya gurudumu la mbele, huipiga teke, ndipo aanze kusalimia watu. Zamani alikuwa na utingo wa kazi hiyo. Utingo alipoenda kutafuta maisha Kigali, Sebahire hakumtafuta mwingine.

“Kabari haiombi ruhusa ya kwenda harusi,” alisema, na watu wakacheka.

Alizaliwa Masisi, ng'ambo ya mpaka. Akajifunza usukani Goma kwenye magari ya watu, akavuka na wazazi wake, waliokuwa wakirudi kwao Rwanda, na godoro moja, na mpaka leo, kichwa kikiwa kimeingia mvi, anaendesha magari ya watu. Hana kelele. Dereva mpya akifika maegeshoni akijisifu, Sebahire humsikiliza mpaka amalize, kisha humwambia, “Sawa, mutoto wangu. Lakini kumbuka, kamyo haina rafiki ku mushuko.”

Kamyo ni ya Nziza, mfanyabiashara aliyekulia Karagwe, ambaye Kiswahili chake kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Tangu mvua zilipoanza, breki ya mkono ilikuwa haishiki. Ukiivuta inakuja yote mpaka juu, laini kama mkono wa mtu aliyelala. Sebahire alimwambia Nziza, akakaa, akamwambia tena.

“Vumilia kidogo, mzee wangu. Gari likilala gereji viazi vinaota. Na si una kabari yako?”

Basi hivyo. Uangalifu wa mmoja ukawa kisingizio cha mwingine, na Sebahire akaendelea kupanda mlimani Kanama na kushuka na mzigo.

Asubuhi ya mkasa alikuwa anashuka, magunia yamejaa hadi juu. Nyuma yake gari dogo jeupe lilimpigia honi kona baada ya kona. Sebahire aliona mbele kile ambacho mwenye gari dogo hakukiona: basi dogo la abiria likipanda. Akawasha taa ya kushoto. Dereva yeyote wa kamyo nchini angekuelezea lugha hiyo: taa ya kulia, njia iko wazi, pita; taa ya kushoto, ngoja.

Gari dogo likachomoka kama limefukuzwa na nyuki.

Basi dogo lilikwepa hadi mdomoni mwa mfereji, abiria wakapiga mayowe. Gari dogo likajipenyeza mbele ya kamyo, kisha, badala ya kushukuru Mungu na kwenda zake, likasimama palepale kwenye mteremko na kumfungia Sebahire njia. Akatoka kijana mwenye shati jeupe. Huyo ndiye Cyusa, mwenye duka la simu mjini, aliyelelewa Kampala. Mama yake alibaki kiti cha nyuma, amejishika kifua.

“Unataka kuniua? Na mama yangu ndani?”

“Mi njo nakuua?” Sebahire alishangaa dirishani. “Si nilikukataza!”

“Ulinikataza wapi? Muzee, leseni uliinunua sokoni, kwa kilo, pamoja na viazi?”

Abiria wa basi dogo, waliokuwa wakitetemeka sasa hivi, wakapata kitu cha kuchekea. Mtu aliyeogopa akipata kicheko hukishika kwa mikono miwili. Sebahire alikisikia kicheko kile kikimwingia shingoni.

“Shuka basi!” Cyusa akaona watazamaji wapo, akaongeza chumvi. “Ama na miguu imechipua huko ndani, kama mzigo wako?”

Sebahire akavuta breki ya mkono kwa mazoea tu. Gia akaiacha huru, injini inanguruma. Akachukua kabari, akashuka. Mpaka hapo yote yalikuwa kazi. Mkono ulibeba kabari kama siku zote, miguu ikafika kwenye gurudumu la mbele kama siku zote. Ila siku hiyo mgongo haukuinama. Alipita gurudumu.

Cyusa alikuwa ametoa simu, anampiga picha. “Piga, muzee! Piga tuone! Rwanda yote ikuone na gogo lako!”

Sebahire akapiga. Alilenga simu, akapata na mkono. Simu iliruka hadi mferejini, na kidole cha Cyusa kililia kama kijiti kikavu. Sebahire hakuwahi kumpiga mtu mzima maishani mwake, na alistaajabu ilivyokuwa rahisi.

Ndipo aliposikia kokoto zikisagika nyuma yake.

Hakuhitaji kugeuka ili ajue, lakini aligeuka. Kamyo ilikuwa inakuja, polepole, kama ng'ombe anayefuata bwana wake. Mbele yake palikuwa na gari jeupe, na ndani yake mama wa mtu. Sebahire alijitupa magotini, akasukuma kabari chini ya tairi, akaondoa mikono. Kamyo ilipanda juu ya mti, ikashtuka, ikasimama, bampa imekwisha kulibonyeza buti la gari dogo. Mama wa watu alikuwa mzima, anaita jina la Yesu.

Polisi walipofika waliikuta kabari chini ya gurudumu, mahali pake hasa, kama ilivyo kawaida ya Sebahire. Hata picha waliipiga.

*

Alifungiwa kituoni na wanaume wengine, chumba chenye dirisha la juu linaloonyesha mbingu tu. Kila alipoegemea ukuta mguu wake ulikanyaga, unatafuta breki. Mmoja wao alimwona.

“Muzee wa viazi, hapa hakuna mushuko. Lala!”

Kampire, mke wake, aliruhusiwa kumwona. Alikuja na chai kwenye chupa, akamtazama anywe kwanza, ndipo akasema.

“Papa Igor, sikia. Kabari baliikuta wapi? Chini ya tairi. Sasa iko nini ya kufikiri? Sema ulishuka kuiweka, huyu kijana akakuvamia, mukono yake ikagonga ku mbao. Basi.”

“Haikuwa vile, Mama Igor.”

“Mi siulize ilikuwa vipi! Mi nauliza utasema nini.” Akapunguza sauti. “Balisema kuumiza mutu kwa makusudi iko gereza. Gereza, Papa Igor. Na permi, leseni yako, hawatakurudishia. Mutu wa miaka yako, bila permi, utabeba viazi ku kichwa?”

Alipoondoka, Sebahire alianza kuamini kwamba mlango umeachwa wazi kidogo. Si uongo mkubwa. Ni kuhamisha kabari hatua chache tu, kutoka mbele ya gurudumu hadi chini yake. Na kweli alishuka kwa ajili ya gurudumu. Moyo wake unajua.

Halafu akaja Nziza.

“Pole sana, mzee wangu. Nakuomba neno moja tu: habari ya kabari usiiguse.”

“Kwa nini, patroni?”

“Ukisema ulishuka kuweka kabari, watauliza kwa nini gari linahitaji kabari. Utasema breki. Na ukishasema breki umejifunga mwenyewe, maana aliyeendesha gari bovu akijua ni bovu ni wewe. Mimi watanizuilia gari. Wewe utaendesha nini?”

“Na kama sisemi kabari?”

Nziza alinyoosha mkono wa shati lake. “Utasema ulishikwa na hasira. Mahakama ni ya watu, hasira wanaijua.”

Sebahire alirudi ukutani. Akisema kabari, amesema breki. Asiposema kabari, amesema rungu. Alizigeuza njia hizo mbili huku na huku kama mtu anayegeuza kamyo kwenye uchochoro: mbele ukuta, nyuma ukuta, na nafasi ya kufungua mlango hakuna.

*

Siku ya kuhojiwa alikalishwa mbele ya afande mmoja mwanamke, Alliance, mwenye sauti ya upole inayotisha kuliko kelele. Juu ya meza ilikuwapo kabari, imefungwa karatasi ya namba kwa uzi. Sebahire hakupenda kuiona juu ya meza. Kabari ikiwa mezani, iko wapi kamyo?

Aliiona dirishani. Ilikuwa imeegeshwa sehemu ya juu ya ua, na ua ule ulikuwa na mteremko hadi langoni. Chini, karibu na lango, palikuwa na benchi la wanaongoja. Kampire alikuwa amekaa hapo na chupa yake ya chai. Upande wa pili wa benchi walikaa Cyusa, mkono umefungwa bandeji nyeupe, na mama yake.

Aliyeileta bila shaka aliiacha kwenye gia. Gia inaishikilia, Sebahire alijituliza. Mradi mtu asiiguse.

“Mzee Sebahire,” Alliance alisema, “kijana anadai ulimwashia taa ya kushoto apite, halafu kumbe basi linakuja. Anasema ulimtega.”

“Kushoto? Afande, kushoto ni ya kumukataza!”

“Hapa, ndiyo, maana tunaendesha upande wa kulia. Kule Uganda wanaendesha upande wa kushoto, taa ya kushoto ndiyo ya kumpisha mtu. Hata sisi tuliotoka Tanzania ilitusumbua mwanzoni.” Akafunua ukurasa. “Hakukudharau bure. Alidhani umetaka kumuua.”

Sebahire alikuwa amembeba kijana yule kichwani siku zote hizi kama adui, na sasa mzigo ukaanguka, na chini yake hakukuwa na kitu ila kidole cha mtu kilichovunjika.

“Sasa niambie. Hiki kipande cha mti ulishuka nacho kwa nini?”

Alifungua mdomo. Dirishani, fundi mwenye ovaroli ya bluu alikuwa anapanda kwenye kidato cha mlango wa kamyo. Lori jingine lilikuwa langoni linapiga honi, linataka nafasi. Fundi hakuingia ndani. Alisimama nusu ndani nusu nje, kama mafundi wanavyofanya wakitaka kuwasha gari haraka, akanyoosha mkono kwenye gia.

“Mzee, nakuuliza.”

Angeweza kunyamaza. Labda fundi angewahi kuwasha. Labda.

“Usitoe gia!” Sebahire alisimama, kiti kikaanguka. “We fundi! Usitoe gia! Freni haishike!”

Honi ilikatika, sauti yake ikafika hadi langoni, lakini fundi alikuwa amekwisha kuitoa. Kisha, kupitia dirisha lile, akasikia kokoto.

Alinyakua kabari mezani na kutoka mbio. Askari wa mlangoni aliona mfungwa akikimbia na gogo, akamrukia, akashika kola, kola ikabaki mkononi mwake. Pale benchini watu walimwona anashuka kuwaelekea, mti umeinuliwa, na Cyusa akajitupa mbele ya mama yake akilia, “Anakuja tena! Anakuja tena!”

Sebahire alifika kwenye gurudumu. Safari hii mgongo uliinama. Alisukuma, akaondoa mikono, kamyo ikapanda, ikashtuka, ikakaa. Akaipiga teke.

Fundi alikuwa bado ananing'inia mlangoni, macho yamemtoka. Mama yake Cyusa alitazama gurudumu, akatazama mzee aliyesimama kando yake.

“Yoo,” alisema polepole. “Kumbe ni kazi yake.”

Kampire alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, maana alikuwa amesikia, kama walivyosikia wote, neno la breki lililotoka dirishani. Nziza, aliyekuwa amesimama nje ya lango na funguo za gari lake mkononi, alilisikia pia. Aligeuka, akaenda zake bila kuaga.

Askari alimshika Sebahire bega. Hakukuwa na haja. Alikuwa amekwisha kuanza kurudi mwenyewe. Aliinua kiti kilichoanguka, akakaa. Alliance alikuwa bado amesimama dirishani.

“Umetuokolea watu,” alisema. “Nitaandika. Lakini nitaandika na breki pia. Sasa ni mambo mawili, mzee, si moja.”

“Najua, afande.”

“Leseni itabaki hapa. Faili litaenda kwa mwendesha mashtaka. Sitakudanganya kwamba ni jambo dogo.” Akakaa, akachukua kalamu. “Kwa hiyo kule barabarani ndivyo ulivyofanya? Ulishuka ukaiweka, kama hivi?”

Mlango ule mdogo ulikuwa bado wazi, na safari hii alikuwa afande mwenyewe anaushika. Ua mzima ungeapa kwa ajili yake. Sebahire alitazama meza, mahali ambapo kabari ilikuwa. Palikuwa pamebaki uzi uliokatika na karatasi yenye namba.

“Hapana,” alisema. “Kule nilipita tairi.”

Kalamu ikaanza kutembea. Nje mtu alikuwa anauliza kama kabari iondolewe irudishwe ndani, maana ni kidhibiti, na fundi anamjibu kwa ukali aiache palepale.